Kujiendesha na Kusaidiana: Lugha na Uhai wa Vikundi vya Anakia katika Jiji la Barcelona

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, na hasa katika taarifa za habari, dhana ya anakia hufasiriwa kwa maneno kama vurugu, ghasia au machafuko. Tafsiri hiyo haikosi msingi, kwani hata katika lugha za Ulaya neno lenyewe lilibeba maana hiyo kwa muda mrefu. Hata hivyo, tangu mwaka 1840, Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alipojiita mfuasi wa anakia kwa hiari yake katika kitabu chake kuhusu mali, neno hilo limekuwa pia jina la itikadi. Mfasiri asiyezitofautisha maana hizi mbili hujikuta akiandika kwamba wafuasi wa vurugu walifungua maktaba, wakaendesha madarasa ya watu wazima na kuzipatia familia zilizofukuzwa mahali pa kulala. Sentensi ya namna hiyo haina kosa la sarufi, lakini haieleweki.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vikundi vya wananchi vinavyofuata itikadi hiyo, au vinavyotumia mbinu zake, vinavyoweza kudumu katika jiji kubwa. Mfano uliochaguliwa ni Barcelona, jiji la Katalunya nchini Hispania, kwa sababu historia ya vikundi hivyo katika jiji hilo inazidi karne moja na imepita katika vipindi vya ushindi, marufuku, vita na udikteta. Hoja kuu ni kwamba kilichodumu si kile kilichovuta umati mkubwa, bali ni kile kilichojishikiza katika mahitaji ya kila siku ya mtaa na kugawa kazi zake kwa utaratibu unaojulikana. Hoja ya pili inahusu lugha: Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuieleza hali hii, ila nyenzo hizo zimo zaidi katika mofolojia ya kitenzi kuliko katika nomino ambazo mfasiri huzikimbilia kwanza.

2.0 Kukosa mtawala na kukosa utaratibu

Neno anakia lina asili ya Kigiriki. Limeundwa kwa kiambishi chenye maana ya ‘bila’ na shina lenye maana ya ‘mtawala’ au ‘mkuu’. Kwa hiyo maana yake ya msingi ni hali ya kutokuwa na mtawala. Swali ambalo limewagawa wanaoitetea na wanaoipinga ni iwapo pasipo mtawala panaweza kuwa na utaratibu. Wanaoipinga hujibu kwamba haiwezekani, na ndiyo maana kwao anakia na vurugu ni kitu kimoja. Wanaoitetea hujibu kwamba utaratibu unaweza kutokana na makubaliano ya wahusika wenyewe. Mrusi Peter Kropotkin, katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu kusaidiana, alijaribu kuonyesha kuwa ushirikiano wa hiari ni nguvu iliyochangia kudumu kwa viumbe na kwa jamii za binadamu.

Kwa mtazamo huo, vikundi vya anakia havikusudiwi kuwa vikundi visivyo na kanuni. Mara nyingi vina kanuni nyingi: nani anaitisha mkutano, nani anashika ufunguo, fedha zinahesabiwa mbele ya nani, na mtu aliyetumwa kuzungumza na kikundi kingine ana mamlaka ya kusema nini. Kisichokubaliwa ni cheo cha kudumu kinachompa mtu mmoja uwezo wa kuwaamuru wengine. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kuielewa historia inayofuata.

3.0 Barcelona hadi mwaka 1939

3.1 Shule na ateneo

Mwanzoni mwa karne ya 20 Barcelona ilikuwa kitovu cha viwanda vya nguo nchini Hispania. Wafanyakazi wake, wengi wakiwa wamehamia kutoka vijijini na kutoka majimbo ya kusini, waliishi katika vyumba vya kupanga vilivyojaa watu, na watoto wao walikuwa na nafasi ndogo ya kusoma. Mwaka 1901 Francisco Ferrer Guardia alifungua katika jiji hilo shule aliyoiita Shule ya Kisasa, iliyofundisha wavulana na wasichana pamoja na kuepuka mafundisho ya kanisa. Ferrer alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1909, baada ya mahakama ya kijeshi kumtia hatiani kwa ghasia za Julai mwaka huo zinazojulikana kama Juma la Msiba. Mauaji yake yalizusha maandamano katika miji mingi ya Ulaya.

Asasi iliyoenea zaidi kuliko shule ilikuwa ateneo. Jina hili linatokana na Athena, mungu wa kike wa hekima wa Wagiriki wa kale, na katika Ulaya ya karne ya 19 lilitumika kuziita klabu za wasomi na watu wenye nafasi, zilizokuwa na maktaba na kumbi za mihadhara. Wafanyakazi walilichukua jina hilo na kulipeleka mitaani. Ateneo ya mtaa ilikuwa chumba au nyumba iliyopangwa kwa michango midogo ya wanachama. Humo mlikuwa na vitabu, madarasa ya jioni ya kusoma na kuandika, kwaya, michezo ya kuigiza, mijadala ya afya na malezi, masomo ya Kiesperanto, na siku za mapumziko safari za miguu nje ya jiji. Hivyo mtu aliweza kuingia kwa sababu ya mchezo wa kuigiza, na baada ya miaka miwili akawa ndiye anayefundisha darasa la jioni.

3.2 Chama cha wafanyakazi

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lijulikanalo kwa kifupi kama CNT liliundwa Barcelona mwaka 1910. Katika mkutano wa Sants mwaka 1918, tawi lake la Katalunya liliamua kuwaunganisha wafanyakazi wa sekta moja katika chama kimoja badala ya kuwagawa kwa ufundi wao. Nguvu ya mpango huo ilionekana mwaka 1919, wakati mgomo ulioanzia katika kampuni ya umeme iliyoitwa kwa kawaida La Canadiense ulipodumu siku 44 na kuchangia kupatikana kwa sheria ya siku ya kazi ya saa nane. Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu. Waajiri na vyama waliuana mitaani kwa bastola, na Salvador Seguí, mpaka rangi aliyekuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa CNT na mtetezi wa elimu ya wafanyakazi, aliuawa mwezi Machi 1923. Katika udikteta wa Jenerali Primo de Rivera, uliodumu kuanzia 1923 hadi 1930, CNT ililazimika kufanya kazi kwa siri.

Hata hivyo, mwaka 1931 jiji lilishuhudia mgomo mkubwa wa kodi za nyumba. Kamati iliyotokana na chama cha wafanyakazi wa ujenzi cha CNT ilidai kodi ipunguzwe kwa asilimia 40, na familia nyingi zikaacha kulipa. Polisi walipowatoa watu katika vyumba vyao, majirani walikusanyika na kurudisha vitanda na meza ndani, na katika kazi hiyo wanawake walikuwa mstari wa mbele. Upesi wa namna hiyo hauelezeki kwa tamko la chama peke yake. Unaeleweka ikikumbukwa kwamba waliokuwa wakirudisha vitanda walikuwa wakifahamiana tangu zamani dukani, uani na katika ateneo.

3.3 Mapinduzi na mipaka yake

Tarehe 19 Julai 1936 wafanyakazi wenye silaha, pamoja na askari walioitii Jamhuri, walishinda uasi wa kijeshi katika Barcelona. Baada ya siku chache tramu zilikuwa zikitembea tena, zikiendeshwa na wafanyakazi wenyewe na kupakwa rangi nyekundu na nyeusi za CNT. Viwanda, vinyozi, majumba ya sinema na hoteli vilichukuliwa vivyo hivyo, na tarehe 24 Oktoba serikali ya Katalunya ilitoa amri ya kuipa hali hiyo msingi wa kisheria. Chama cha wanawake cha Mujeres Libres, kilichoanzishwa mwaka huohuo, kilifungua madarasa ya kusoma na kuandika na mafunzo ya kazi, kwa hoja kwamba mwanamke asiyejua kusoma hawezi kuwa na sauti sawa katika mkutano hata kama kanuni zinampa.

Yafaa pia isemwe wazi kwamba miezi hiyo ilikuwa ya mauaji. Makanisa yalichomwa, na mapadri na watu wengine wengi waliuawa bila kesi, na sehemu ya lawama ni ya watu wa CNT. Aidha, mwezi Novemba 1936 CNT iliingia katika serikali kuu, na Federica Montseny akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini Hispania. Harakati iliyokataa utawala ilikuwa sasa na mawaziri. Mapigano ya Mei 1937 kati ya makundi ya upande uleule wa Jamhuri yalivunja nguvu zake jijini, na tarehe 26 Januari 1939 majeshi ya Jenerali Franco yaliingia Barcelona. Vyama vilipigwa marufuku, ateneo zikafungwa, na maelfu ya watu wakakimbilia Ufaransa.

4.0 Mwaka 1977: mkutano mkubwa na kiwanda cha lami

Franco alifariki mwaka 1975. Kilichotokea Barcelona miaka miwili baadaye kinatoa ulinganisho wenye mafunzo.

Mwezi Julai 1977 CNT ilifanya mkutano wa hadhara katika mlima wa Montjuïc uliovuta umati mkubwa sana, na mwezi huohuo zikafanyika siku za mijadala na burudani katika bustani ya Güell. Kwa mtazamaji wa wakati ule, harakati ilikuwa imefufuka. Lakini Januari 1978, baada ya maandamano ya CNT, jumba la starehe la Scala lilichomwa moto na wafanyakazi wanne wakafa. Baadaye ilidhihirika kuwa mtoa habari wa polisi alikuwa amejipenyeza miongoni mwa wahusika. Sifa ya CNT ilichafuka, wanachama wakapungua, na migogoro ya ndani ikafuata hadi shirikisho likagawanyika.

Miezi sita kabla ya mkutano wa Montjuïc, mwezi Januari 1977, wakazi wa mitaa ya wafanyakazi ya Nou Barris, kaskazini mwa jiji, waliingia katika kiwanda cha lami kilichokuwa kikiwachafulia hewa, wakakizima na kuanza kukigeuza kuwa nyumba ya utamaduni. Wengi wao hawakujiita wafuasi wa anakia. Walikuwa wanachama wa jumuiya za wakazi wenye itikadi mbalimbali. Lakini nyumba waliyoipata waliiita ateneo. Jina lililozimwa mwaka 1939 lilirudi, na pamoja nalo ikarudi namna ya kufanya kazi: mkutano wa wote, madarasa, sanaa na kazi ya kujitolea. Ateneo ya Nou Barris ipo hadi leo, na sanaa ya sarakasi ndiyo iliyoipatia sifa nje ya mipaka ya mtaa.

Tofauti ya matukio haya mawili haiko katika ukubwa wa imani ya washiriki. Mkutano wa Montjuïc ulimwomba mtu ahudhurie. Kiwanda cha lami kilimwomba arudi kesho, kwa kuwa palikuwa na ukuta wa kubomoa na darasa la kufundisha.

5.0 Nyenzo za uendelevu

Mifano ya karibuni zaidi inathibitisha jambo hilo. Mtaani La Bordeta, eneo la kiwanda cha zamani cha nguo cha Can Batlló lilitengwa na mpango wa jiji wa mwaka 1976 kwa ajili ya bustani na huduma za umma. Baada ya kungoja miaka 35, wakazi waliitangazia manispaa tarehe ambayo wangeingia wenyewe. Kabla ya siku hiyo, 11 Juni 2011, manispaa iliwakabidhi jengo moja. Humo wakajenga maktaba, ukumbi na karakana, na katika eneo hilohilo kikazaliwa chama cha ushirika wa nyumba cha La Borda, ambacho wanachama wake walihamia mwaka 2018 katika jengo la nyumba 28. Mwanachama ana haki ya kukaa na kuitumia nyumba yake, lakini hawezi kuiuza kwa faida. Kutokana na mifano hii na ile iliyotangulia, nyenzo nne zinaweza kubainishwa.

(i) Mahali. Kikundi kisicho na chumba hutegemea kumbukumbu za watu. Chenye chumba kina mlango unaoweza kubishwa hodi na mgeni. Mwaka 2014 manispaa ilipoanza kubomoa nyumba ya Can Vies katika mtaa wa Sants, ambayo vijana walikuwa wameishikilia tangu 1997 bila idhini ya mwenye nyumba, palizuka machafuko kwa siku kadhaa na ubomoaji ukasimamishwa. Wakazi walijipanga mstari, wakapitishiana vifusi mkono kwa mkono na kuanza kuijenga upya. Hawakuwa wote wanaharakati, lakini nyumba hiyo ilikuwa yao.

(ii) Mkutano wenye mipaka. Mkutano mkuu huamua mambo ya wote, na kamati ndogo hutekeleza mambo yake bila kuomba ruhusa kwa kila hatua, kama ilivyo Can Batlló. Mkutano unaojadili kila kitu huwachosha wenye watoto na wenye zamu za usiku, na hatimaye wanaobaki kuamua ni wale wenye muda.

(iii) Kupokezana kazi. Kazi ya kushika fedha, ya kuandika kumbukumbu na ya kusafisha choo huzunguka. Faida yake si usawa peke yake. Mtu anayeondoka huwa amekwisha kumfundisha mwingine, na kikundi hakifi kwa kuhama kwa mtu mmoja.

(iv) Kuchanganya haja na itikadi. Mtu huja kwa sababu ya kodi, ya mtoto au ya kitabu. Akilazimishwa kukubali itikadi kwanza, haji. Asipoelezwa kamwe kwa nini mambo huendeshwa hivyo, huja kama mteja na huondoka kama mteja.

6.0 Matatizo yasiyokwisha

Nyenzo hizo haziondoi matatizo yote. La kwanza ni uongozi uliofichika. Mmarekani Jo Freeman, katika insha yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu vikundi vya wanawake, alionyesha kuwa kikundi kinachodai hakina muundo huwa nao kwa siri: marafiki wa karibu huamua kabla ya mkutano, na kwa kuwa hawana cheo, hakuna wa kuwaondoa. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa humlinda mgeni na mnyonge.

La pili ni uhusiano na manispaa. Ateneo ya Nou Barris hupokea fedha za umma, na mwaka 2019 Can Batlló ilipata haki ya kulitumia eneo lake kwa miongo kadhaa. Wapo wanaoona kuwa mkataba wa namna hiyo unaua roho ya harakati, na wapo wanaoona kuwa jengo lisilo na mkataba ni jengo linalongoja tingatinga. Historia ya mawaziri wa 1936 inawapa wa kwanza hoja. Ya Can Vies inawapa wa pili. Suluhu iliyofikiwa Nou Barris na Can Batlló ni kutenganisha umiliki na uendeshaji: jengo ni la umma, lakini uamuzi wa kila siku ni wa mkutano.

La tatu ni bei ya nyumba. Mtaa wenye maktaba, sanaa na ujirani mwema huwavutia wawekezaji, kodi hupanda, na waliouendeleza mtaa hushindwa kuishi humo. Hapa ndipo umuhimu wa kanuni ya La Borda ya kukataza uuzaji unapoonekana.

7.0 Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Mfasiri wa historia hii kwa Kiswahili anakabiliwa na jambo la ajabu. Neno ateneo lilishuka kutoka kwa wenye nafasi hadi kwa wafanyakazi. Maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nalo yamefanya safari ya kinyume. Baraza ni kibao cha nje ya nyumba ambapo watu huketi na kuzungumza. Leo husikika kwanza katika Baraza la Mawaziri. Mjumbe ni mwenye kubeba ujumbe wa waliomtuma, yaani hasa yule anayekusudiwa na kanuni za CNT. Lakini mjumbe wa nyumba kumi nchini Tanzania alijulikana zaidi kama kiungo cha chama tawala. Harambee ilikuwa sauti ya watu wanaovuta mzigo pamoja kabla ya kuwa wito wa taifa nchini Kenya. Vyama vikuu vya ushirika Tanzania vilivunjwa na serikali mwaka 1976, kisha vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Ujima nao, kutokana na vitabu vya historia, hueleweka kama hatua ya kale iliyokwisha kupita.

Istilahi ‘utawala huria’ nayo haifai. Nomino yake inathibitisha kile ambacho dhana inakikana, na kivumishi chake, tangu kuenea kwa ‘soko huria’, humwelekeza msomaji kwenye biashara.

Nyenzo bora ziko katika kitenzi. Kiambishi rejeshi -ji- hutoa kujiendesha, ambapo mwenye kuendesha ndiye mwenye kuendeshwa. Kiambishi cha kutendana -an- hutoa kusaidiana. Katika ‘saidia’ kuna mtoaji na mpokeaji, na nafasi zao hazibadiliki. Katika ‘saidiana’ wote ni kiima, na kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Tofauti kati ya sadaka na kusaidiana, ambayo Kropotkin aliieleza kwa kitabu kizima, Kiswahili huionyesha kwa silabi moja. Ndivyo ilivyo pia katika kukopeshana, kufundishana na kuzikana. Tahadhari inahitajika kwa ‘kujisaidia’, ambalo tasfida imekwisha kulitwaa kwa haja nyingine.

Inapendekezwa basi kwamba anakia litumike kwa itikadi, vurugu libaki kwa vurugu, kujiendesha na kusaidiana yatumike kwa mbinu, na mjumbe lirudishiwe maana yake ya mtu aliyetumwa na anayeweza kurudishwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa katika Barcelona vikundi vya anakia, na vile vilivyorithi mbinu zake, vilidumu pale vilipokuwa na mahali, mkutano wenye mipaka, kazi za kupokezana na haja halisi ya kukidhi. Ushindi wa silaha wa 1936 na umati wa 1977 havikutosha. Haidaiwi hapa kwamba chama cha kuzikana cha mtaani Dar es Salaam au Mombasa ni kikundi cha anakia. Wanachama wake hawasemi hivyo, na itikadi haibandikwi kwa watu bila ridhaa yao. Linalodaiwa ni kwamba mwanachama wa chama hicho anao uzoefu wa kuielewa habari ya majirani waliorudisha vitanda ndani mwaka 1931. Akisoma kwamba walikuwa wafanya vurugu, uzoefu huo hautamsaidia. Akisoma kwamba walikuwa watu waliosaidiana na kujiendesha, ataweza kuwahukumu mwenyewe, kwa wema wao na kwa makosa yao.